Kiangazi Ukutani, Mvua Sandukuni

Kila mwaka, Julai inapokaribia kwisha, Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, hucheza Mutomboko mbele ya umati huko Mwansabombwe, ameshika shoka la enzi liitwalo mbafi na upanga mfupi, mpok. Watu hutazama miguu yake. Mpenzi wa visu hutazama kalenda. Julai ni kiangazi katika Mkoa wa Luapula, Zambia: mvua zimekatika tangu Aprili na hazitarudi hadi karibu na Novemba. Sherehe hii, ambayo imekuwa ya kila mwaka tangu 1971, haikuwekwa hapo kwa kuogopa kutu. Hata hivyo, fundi wa kuhifadhi metali akiulizwa ni lini chuma cha kale kitolewe hadharani karibu na Ziwa Mweru, hatakwenda mbali na majira hayo.

Wakusanyaji wengi wa nyumbani hawaifikirii kalenda kabisa. Hununua kabati la kioo, hupanga visu, hufunga mlango na kuhesabu kuwa kazi imekwisha. Kabati lilelile linalopendeza Agosti hulea kutu Februari. Kwa mwambao wa Mweru unaoanzia Nchelenge na Kashikishi ukapanda kaskazini hadi Puta, kwa Wabwile, mpango unaofaa ni wa makao mawili: visu vikae ukutani kiangazi, na viingie sandukuni mvua zinapoanza.

Sababu iko kwenye hewa. Chuma safi huanza kupata kutu kwa kasi unyevu wa hewa unapopita takribani asilimia 60. Kikiwa na chumvi juu yake, kiwango hicho hushuka. Mweru ni ziwa la maji baridi, na hapo mkusanyaji wa Nchelenge ana nafuu ambayo mwenzake wa Unguja au Mombasa hana, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba chumvi hadi ndani ya chumba cha kulala. Lakini nafuu hiyo hupotea haraka katika nyumba ambamo samaki hutiwa chumvi kabla ya kuanikwa. Mkono uliotoka kwenye samaki ukashika bapa la kisu huacha alama za vidole, na alama hizo huweza kugeuka kutu isiyofutika kwa kitambaa. Jasho peke yake linatosha kufanya hivyo.

Kuna pia suala la bati. Chini ya paa la bati mchana ni joto kali, na usiku wa Juni au Julai joto hushuka sana. Chuma kilichoning'inizwa kwenye ukuta wa nje hupoa haraka kuliko hewa inayokizunguka, na umande hukaa juu yake kabla ya alfajiri. Kwa hiyo hata kiangazi, ukuta wa kuonyeshea visu ni ule unaotenganisha vyumba viwili, si ule unaotazama ziwa. Kabati nalo lisigusane na tofali. Nafasi ya vidole vitatu nyuma yake huacha hewa ipite, kwani tofali zisizo na kizuizi cha unyevu kwenye msingi hunyonya maji kutoka ardhini.

Wazee waliochomeka mbegu na vyombo vyao kwenye kichanja juu ya jiko walikuwa wanatumia fizikia ileile kwa njia nyingine. Hewa ikiongezwa joto kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi, unyevu wake wa asilimia hupungua karibu nusu, ingawa maji yaliyomo hayajapungua hata tone. Wapiga picha hufanya vivyo hivyo wanapoweka balbu ndogo ndani ya kabati la kamera. Ni njia nzuri pale umeme usipokatika. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya bwawa la umeme la Kariba na Zambia ikaingia kwenye mgao mrefu wa umeme, balbu hiyo ingekuwa pambo tu.

Baada ya hewa, adui wa pili ni ala. Wengi huamini kisu kiko salama kikiwa ndani ya ala yake ya ngozi, na hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina asidi. Iliyotengenezwa kwa kemikali za kromiamu hubaki na chumvi. Zote mbili hunywa unyevu na kuubana kwenye bapa. Palipo na shaba au shaba nyeupe, mafuta ya ngozi hukutana na metali na kutoa uchafu wa kijani unaonata, ambao mkusanyaji asiyejua huudhani ni kuvu. Ala ni ya kubebea kisu safarini. Kisu cha kuhifadhiwa hulala nje yake, na viwili hivyo huwekwa kando kwa kando vikiwa na namba moja.

Wajapani walilimaliza jambo hili zamani kwa namna inayostahili kuigwa. Upanga wao huwa na mavazi mawili. Lile la fahari, lenye lakiri na mapambo, hushikiliwa umbo lake kwa bapa la mti lililochongwa kama la chuma, na ndilo linaloonyeshwa. Bapa lenyewe la chuma hupumzika kwenye ala nyeupe ya mti wa honoki, isiyo na rangi wala pambo, ambayo inaweza kupasuliwa kwenye gundi na kusafishwa ndani. Fundi seremala wa Kashikishi anaweza kuchonga bapa la mti kwa ajili ya ala ya jambia au sime bila shida yoyote. Mgeni ataona ala imejaa na mpini uko juu yake ikiwa mpini unatoka. Usipotoka, ala itaonyeshwa peke yake, na hakuna ubaya.

Mkusanyiko wa nyumbani si jambo dogo, na mifano miwili inaonyesha umbali unaoweza kufika. Mjini Muscat, Bait Al Zubair ni makumbusho yaliyozaliwa kutoka kwenye mali ya familia moja. Nyumba yake ya awali ilijengwa 1914 na Sheikh Al Zubair bin Ali, na milango ilifunguliwa kwa umma 1998. Humo mna majambia, yale ambayo Waomani huyaita khanjar na ambayo yamo kwenye bendera yao, pamoja na panga na bunduki. Ufundi wa khanjar na desturi zake viliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022. Karibu zaidi na Mweru, padri Mkanada Jean Jacques Corbeil wa Wamisionari wa Afrika alikusanya vitu vya Wabemba na majirani zao akavitunza kwenye nyumba za misheni, na mkusanyiko wake ndio uliokuwa kiini cha Makumbusho ya Moto Moto yaliyofunguliwa Mbala 1974. Kinachoufikisha mkusanyiko mbali zaidi ya kabati ni daftari: kitu kipi, kimetoka kwa nani, kijiji gani, kilitumika kwa kazi gani.

Turudi kwenye mbao, kwa kuwa kabati lenyewe linaweza kuwa sumu. Mti wa mwaloni, unaopendwa Ulaya, hutoa mvuke wa asidi ya siki miaka mingi baada ya kukatwa, na mafundi wa makumbusho huuogopa. Plaiwudi na mbao za unga uliogandishwa kwa gundi hutoa mvuke wa fomaldehidi. Mbao nyingine ngumu nazo zina asidi zake, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana juu ya jina la mti: mbao zikauke vizuri, zipakwe rangi au vanishi, kisha kabati liachwe wazi wiki kadhaa hadi harufu iishe. Pua ni kipimo kizuri. Kabati linalonukia bado linatoa kitu, na kitu hicho kitatua kwenye chuma. Fremu ya alumini au chuma kilichopakwa rangi, yenye kioo, haina tatizo hilo, ingawa haina uzuri wa mbao.

Ndani yake, kitambaa cha sufu na mpira wa kawaida visiwekwe karibu na fedha, maana vyote hutoa salfa, na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi. Pamba nyeupe iliyofuliwa bila kutiwa wanga inafaa. Kila kisu kishikiliwe sehemu mbili, karibu na mpini na karibu na ncha, juu ya vigingi vya mti vilivyovikwa pamba. Msumari mmoja uliopitishwa kwenye tundu la mpini hubeba uzito wote mahali pamoja na hupasua mti wa zamani. Vipande vya sumaku vya jikoni vinafaa visu vipya vya jikoni tu. Bapa la kufuliwa na mhunzi halistahili kubandikwa na kubanduliwa kila siku. Makali yatazame ukutani, ufunguo ukae mbali na kabati, na rafu ya chini kabisa iwe juu ya mkono wa mtoto anayesimama kwenye kiti. Wengi hupima urefu wa mtoto wakasahau kiti.

Mvua zinapokaribia, yaani Oktoba, kazi halisi huanza. Visu hushushwa kimoja kimoja kwa glavu, hufutwa kwa spiriti kuondoa mafuta ya mikono, kisha hupakwa tabaka jembamba la nta. Nta ya mikrokristali, ambayo mchanganyiko wake maarufu ulitengenezwa kwenye Makumbusho ya Uingereza mjini London, ndiyo inayotumika sana. Isipopatikana, mafuta ya cherehani yanatosha kwa miezi kadhaa. Mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo, ya alizeti wala ya nazi. Yanaoza, yanakuwa na asidi, na mengine hukauka yakawa gundi. Kisu cha mhunzi kilichofuliwa kwa springi ya gari hakina kromiamu ya kutosha kuzuia kutu, na hicho ndicho kianze. Kile kisichoshika kutu, chenye kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi, kinaweza kusubiri.

Na msasa? Usiguse kisu cha zamani. Weusi ulioachwa na moto wa mhunzi ni sehemu ya kinga yake na sehemu ya ushahidi wake.

Sanduku linalofaa ni la plastiki lenye mfuniko unaobana kwa mpira, yale yanayouzwa kwa kutunzia unga na mchele. Ndani huwekwa punje za silika zinazonyonya unyevu. Garry Thomson, katika kitabu chake cha 1978 juu ya mazingira ya makumbusho, alipendekeza kilo 20 za silika kwa kila mita ya ujazo ya kabati. Kwa sanduku la lita 30 hesabu hiyo inatoa gramu 600. Vipakiti viwili vilivyotoka kwenye kiboksi cha viatu havifiki hata mwanzo wa safari. Mchele, unaosifiwa sana kwa simu zilizoingia maji, ni mkaushaji dhaifu, upikwe. Silika ikishiba hukaushwa kwa moto wa nyuzi 120 hivi, kwenye oveni au sufuria juu ya makaa ya pole, ikikorogwa. Ni vizuri kununua ile inayobadilika kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani. Ya buluu ina kobalti, ambayo haifai kupikwa kwenye vyombo vya nyumbani.

Kipimo cha unyevu cha bei nafuu huwekwa ndani, lakini kijaribiwe kwanza. Chumvi ya mezani hutiwa maji kidogo iwe tope, huwekwa kwenye kizibo cha chupa, kisha kizibo na kipimo hufungiwa pamoja kwenye mfuko usiopitisha hewa usiku kucha. Asubuhi kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, mwenyewe anajua aongeze 7 kila mara.

Hapa pana mtego. Silika mpya inaweza kukausha sanduku hadi asilimia 20, na chuma kitafurahi. Mpini wa mti, pembe ya ndovu au pembe ya mnyama mwingine utapasuka. Kwa hiyo masanduku ni mawili: la visu vyenye mpini wa chuma au plastiki likauke uwezavyo, na la mipini ya asili likae kati ya asilimia 45 na 50, kwa silika iliyokwisha kunywa kiasi. Pembe ya kifaru, iliyotumika kwenye mipini ya majambia ya fahari Uarabuni, ni aina ya ukucha, na kuna wadudu wanaoila kama wanavyokula sufu. Vumbi dogo chini ya mpini ni dalili ya kutosha kukitenga kisu hicho siku hiyohiyo.

Mipini ya namna hiyo ina sheria zake pia. Ndovu na kifaru wako chini ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na vitu vya kale vya Zambia huhitaji idhini ya Tume ya Kitaifa ya Uhifadhi wa Urithi kabla ya kutoka nchini. Mtu wa Puta ambaye ndugu zake wako Pweto, pale Luvua inapotoka ziwani upande wa Kongo, huona mpaka ni safari fupi ya kusalimia shemeji. Kisu cha mpini wa pembe kikiwa mfukoni, safari hiyo ni usafirishaji wa bidhaa inayodhibitiwa. Vibali, picha za kila kisu na daftari la namba vitunzwe nje ya sanduku: karatasi hushika maji, na silika itamaliza nguvu zake kuzikausha badala ya kulinda chuma.