Tawi Hupewa Kazi: Luo Union ya Miaka ya 1950 na Vyama vya Noonkopir

Noonkopir, kitovu cha zamani cha mji wa Kitengela katika kaunti ya Kajiado, ni makazi ya watu ambao wengi wao walizaliwa mbali na hapo. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela, yaani ardhi ya malisho iliyomilikiwa kwa pamoja na familia za Wamaasai, iligawanywa mwaka 1988, na sheria ya mwaka 1990 ikaanzisha maeneo ya viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuzwa nje, yale ambayo wakazi huyaita EPZ, likiwamo la jirani pale Athi River. Tangu hapo watu wa Nyanza, Magharibi, Ukambani na Mlima Kenya wamefika kutafuta ajira, wakapanga vyumba, na waliojaliwa wakanunua ploti. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya wakazi 150,000 katika mji mzima.

Watu hao huunda vyama vya kusaidiana kufuatana na kijiji, kata au kaunti walikotoka. Ugumu wa vyama vya aina hii unajulikana: mwanachama anapofiwa michango hutoka upesi na maiti husafirishwa hadi nyumbani, lakini msiba ukipita mikutano hupungua, viongozi hubaki na orodha ya majina, na chama husubiri msiba mwingine. Namna ya kukitia uhai chama au tawi lililolala ni suala la ufundi wa uongozi, na Kenya ina mfano wake uliokamilika, nao ni Luo Union katika miaka ya 1950.

Luo Union ilikuwa jumuiya ya Wajaluo waliotawanyika katika miji ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kazi za reli, bandari, ofisi na mashamba. David Parkin, mwanaanthropolojia aliyechunguza maisha ya wahamiaji hao mjini Kampala na baadaye katika mtaa wa Kaloleni, Nairobi, alionyesha kwamba jumuiya hiyo ilikuwa na ngazi: chini kabisa vyama vya ukoo, juu yake vyama vya lokesheni, yaani eneo lililotawaliwa na chifu mmoja, na juu ya vyote muungano wenyewe. Faida ya mpangilio huu ni kwamba mwanachama hakulazimika kuanza kwa kulipenda jina kubwa la mbali. Aliingia kupitia watu waliomjua baba yake, na deni lake la mchango lilikuwa deni kwa jamaa ambao angekutana nao tena nyumbani. Hata hivyo ngazi peke yake haifanyi kazi. Muundo huohuo unaweza kusimama kwa miaka bila kuzaa chochote.

Mabadiliko yalionekana baada ya mwaka 1953, Oginga Odinga alipochaguliwa kuwa Ker, cheo cha mkuu wa jumuiya. Odinga alikuwa amekwisha kujifunza kazi ya kuwahamasisha watu katika biashara, kwa kuwa mwaka 1947 alianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni iliyotegemea hisa ndogondogo za watu wa kawaida, na muuza hisa wa namna hiyo hana budi kuwafuata watu waliko na kuwaeleza fedha zao zitafanya nini. Mwaka huohuo wa 1953 aliuawa Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na mmoja wa viongozi wa Luo Union, ambaye jina lake lingali katika mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Jumuiya iliamua kumjengea ukumbi wa kumbukumbu mjini Kisumu, na Odinga akazunguka katika matawi ya Kenya, Uganda na Tanganyika kukusanya michango.

Hapa ndipo penye kiini cha ufundi wenyewe. Matawi hayakuhimizwa kwa waraka wa kuwataka wanachama wawe hai; yalipewa kazi yenye mwisho unaoonekana, ambayo kila tawi liliweza kujipimia sehemu yake, na kiongozi mkuu akaja mwenyewe kuipokea. Fundi wa reli aliyeko Kampala, ambaye pengine asingefika Kisumu kwa miezi mingi, alijua kuwa kuna kuta zinazopanda kwa senti zake, na atakapofika ataziona. Ni kweli pia kwamba mazingira yalisaidia: wakati wa Hali ya Hatari serikali ya kikoloni ilipiga marufuku chama cha siasa cha Kenya African Union (KAU), na kwa kuwa njia ya siasa za kitaifa ilizibwa, jumuiya za ustawi zilibaki miongoni mwa majukwaa machache halali. Anayetaka kuiga mbinu hizo leo asiitarajie nguvu hiyo ya ziada.

Njia nyingine ya kuyatia uhai matawi ilikuwa kandanda, iliyowavuta vijana ambao mikutano ya wazee haikuwavuta. Timu ya Luo Union iliungana na Luo Stars mwaka 1968 ikazaliwa Gor Mahia, na timu ya Luo Union iliyofufuliwa baadaye ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977.

Sifa hizo zisifiche madhara. Matawi ya mijini yaliwakamata wanawake waliodhaniwa kuwa wanaishi bila maadili, yakawarudisha vijijini kwa nguvu, na huo ulikuwa uonevu ambao hauwezi kuitwa nidhamu. Tena umoja uliojengwa juu ya kabila peke yake ulikuwa rahisi kugeuzwa silaha ya siasa, na mwaka 1980, chini ya Rais Moi, jumuiya za kikabila, Luo Union ikiwa mojawapo, zilivunjwa.

Kwa vyama vya Noonkopir, chombo kinachokaribia zaidi mbinu ya Odinga tayari kipo mikononi mwao, nacho ni akiba ya mezani. Katika mkutano wa namna hiyo kila mwanachama huitwa kwa jina, huweka fedha zake mezani, mweka hazina huzihesabu mbele ya wote, katibu huandika daftarini, kisha fedha zilezile hukopeshwa kabla watu hawajatawanyika, hivyo hakuna shilingi inayolala nyumbani kwa mtu. Michango ya M-Pesa ni ya haraka na inawafikia walio mbali, lakini humwondolea mwanachama nafasi ya kuona hesabu ikifanyika, na pasipoonekana hesabu shaka huingia. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 imeweka utaratibu wa usajili na katiba. Utaratibu huo hulinda kikundi, lakini hauwezi kukipa shughuli.

Kinachokosekana ni kazi iliyoko Kitengela kwenyewe. Chama kinachojua njia ya kurudisha maiti nyumbani pekee kimewaacha wanachama wake walio hai katika mji ambao kaya nyingi hununua maji kwa mtungi. Viongozi wa vyama hivyo wachague jambo moja la hapo mtaani, walipangie gharama na muda, wawaalike majirani wa asili nyingine, wakiwamo Wamaasai ambao ardhi hiyo ilikuwa yao, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi.