Mficha Maradhi na Nambari ya Paybill

Wahenga walituambia mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Lakini hawakusema aliyeyafichua afanye nini baadaye, hasa siku hizi ambapo anayafichua mbele ya watu elfu kumi kwenye Facebook.

Matangazo ya ugonjwa katika makundi ya mtandaoni ya watu wa Kitui na Makueni huwa nayasoma kama hadithi fupi, maana ni utanzu kamili. Kuna picha mbili: ya kwanza mgonjwa yuko mzima, amevaa suti ya arusi au joho la mahafali, ya pili yuko kitandani na mirija puani. Linafuata jina la ugonjwa, bili, nambari ya paybill na siku ya harambee. Mhusika mkuu mwenyewe hasemi neno. Anasemewa na mjomba, au na mweka hazina wa kamati.

Nguvu ya utanzu huu haina ubishi. Mwaka 2015 mwandishi Jackson Biko alisimulia habari za Emmanuel Otieno, maarufu kama Jadudi, kijana mwenye uvimbe kwenye ubongo. Iliombwa milioni 1, na kwa siku chache zikachangwa zaidi ya milioni 5. Sisi Wakamba tulikuwa na mwethya kabla ya simu: leo tunalima kwa jirani, kesho kwako. Mtandao umeupa mwethya mikono mirefu tu.

Shida ni kwamba hadithi hii inajua miisho miwili pekee: amepona, au ametutoka. Sasa mama wa Mwingi mwenye kisukari, anayejidunga insulini kila siku mwaka nenda mwaka rudi, ataingilia wapi? Hadithi yake haina kilele. Akiandika "leo pia nimechoka," anajibiwa "utapona kwa jina la Yesu." Jibu ni jema, lakini limeshafunga mazungumzo. Msemo "kuishi na" ugonjwa tuliuzoea kupitia habari za Ukimwi, na mpaka leo hatujaupa presha, sukari wala selimundu nafasi hiyo hiyo.

Aliyelivunja umbo hili kwa ujasiri ni Njambi Koikai, mtangazaji wa reggae. Naye alichangiwa, akaenda Marekani kutibiwa endometriosisi. Lakini aliporudi hakufunga hadithi. Aliendelea kusema kuhusu hedhi, upasuaji na maumivu yanayorudi, mpaka alipofariki Juni 2024. Wasichana walioambiwa wavumilie tu, wakapata jina la kinachowaumiza.

Hapa ndipo naona bima ni suala la fasihi pia, si la sera peke yake. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha MakueniCare: shilingi 500 kwa kila kaya kwa mwaka, unatibiwa katika hospitali za kaunti. Kitui ikafuata 2018 na mpango wake wa shilingi 1,000. Aliyelipiwa bili hana haja ya kutuonyesha mirija yake. Anaweza kunyamaza, na akiamua kusema, aseme apendavyo: kwa hasira, kwa mzaha, hata kwa kuchosha. Anayeomba mchango hana uhuru huo. Lazima apendeze, alie kiasi, ashukuru sana. Kwani ni nani atamtumia pesa mgonjwa mwenye kisirani?

Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na mabango bado yanaingia kwenye simu yangu kila wiki. Nachanga ninapoweza, na sitamwambia yeyote aache kuomba. Ninachodai ni usomaji bora zaidi. Mtu akiandika kwamba mguu umemuuma usiku kucha, na hajaweka nambari yoyote ya pesa, tusikimbilie "Amina." Tumuulize: umelalaje basi? Halafu tungoje atujibu.