Uhuru, Uungwana na Utoro: Kijana Mtumwa katika Uhuru wa Watumwa

Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyochapishwa London mwaka 1934, husimama kati ya historia na riwaya, na vijana wengi wa Afrika Mashariki waliijua kama kitabu cha shule. Msuko wake ni mwepesi. Watu wa bara wanatekwa, wanafungwa, wanapelekwa pwani na kupakiwa jahazini. Manowari ya Waingereza inatokea, na safari inaishia Freretown, makazi ya wamisionari karibu na Mombasa.

Wahakiki wamemlaumu Mbotela kwa sifa anazommwagia Mwingereza. Lawama hiyo ina haki yake, ila inaacha kasoro iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya kimuundo: kauli ya kutendwa inambeba mtumwa tangu kijijini hadi bandarini. Anatekwa, anauzwa, anaokolewa. Hata anwani ina utata, kwa kuwa a-unganifu inaweza kumfanya mtumwa mwenye uhuru au mpokeaji wake tu. Tafsiri ya Kiingereza ya 1956, The Freeing of the Slaves in East Africa, ilikata shauri: uhuru ukawa tendo la mtu mwingine.

Kwa msomaji kijana wa Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, msuko huo una tatizo la jiografia. Misafara kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa Kivinje ilikatiza nyanda za kusini-mashariki, lakini manowari haikupanda Mto Mbwemkuru. Amri nayo ilichelewa. Utawala wa Wajerumani haukuufuta utumwa kisheria. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Jan-Georg Deutsch (2006) ameonyesha kwamba kufikia hapo utumwa ulikuwa umedhoofika, na kwamba watumwa wenyewe walichangia sana: walihama, walijadiliana na mabwana, walitafuta kazi na jamaa wapya. Hata makazi ya Masasi, aliyoyaanzisha Askofu Edward Steere mwaka 1876, yalitokana na safari ya waliokombolewa waliokuwa wakirudishwa upande wa Nyasa, wakaishia njiani. Kurudi nyumbani kulikokatizwa namna hiyo kunatosha kuwa riwaya nzima.

Msamiati wa kuiandika upo. Jonathon Glassman (1995) anaeleza jinsi watumwa wa pwani walivyopigania nafasi katika uungwana: ndoa, ibada, sherehe za mji. Kwa kijana wa miaka kumi na mitano, uungwana unatamanika kuliko uhuru mtupu, kwa sababu asiye na ndugu hutekwa tena. Neno gumu ni mtoro. Leo ni jina la mwanafunzi anayekwepa masomo, na linanuka adhabu. Mwandishi atakayelirudishia maana ya mtu aliyejitoa utumwani atakuwa amemfanyia msomaji huyo kazi ambayo Mbotela hakuifanya.

Mfano wa karibu zaidi ni wa zamani kuliko Mbotela. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha, kwa Kiingereza, masimulizi ya wavulana wa shule ya Kiungani, Unguja, kuhusu makwao na kutekwa kwao. Mhariri na mfasiri ni mmisionari, na kivuli chake hakikwepeki. Hata hivyo, anayesema "mimi" humo ni kijana aliyetekwa.