Fumbo Ukutani: Sanaa ya Banksy na Suala la Mlengwa

Wahakiki wamezoea kuiuliza kazi ya sanaa maswali mawili: inasema nini, na inasema kwa namna gani. Swali la tatu, yaani inamwambia nani, aghalabu huachwa kana kwamba jibu lake ni dhahiri. Michoro ya ukutani ya msanii wa Uingereza atumiaye lakabu ya Banksy, aliyeanza kuchora mjini Bristol katika miaka ya 1990, yaonyesha kwamba swali hilo la tatu ndilo liamualo kama sanaa ya kuikosoa jamii itabaki kuwa ukosoaji au itageuka pambo.

Mfano ulio wazi ni mchoro uitwao Slave Labour, yaani "Kazi ya Kitumwa", uliotokea Mei 2012 ubavuni mwa duka la bidhaa za bei rahisi huko Wood Green, kaskazini mwa London, Waingereza walipokuwa wakijitayarisha kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Malkia Elizabeth II. Mtoto wa kiume amepiga magoti mbele ya cherehani, akishona vibendera vya Uingereza. Kifani, mbinu ni sahili: umbo hukatwa katika karatasi ngumu, karatasi ikashikizwa ukutani, na rangi ikapulizwa juu yake. Lakini usahili huo wabeba maudhui mazito. Mtoto amechorwa kwa weusi na weupe tu, ilhali vibendera ni vya plastiki halisi, vyenye rangi zao zote. Furaha ya taifa ina rangi. Jasho lililoitengeneza halina. Aliyetoka dukani na mfuko wake wa vitu rahisi alilazimika kujiuliza ni mikono ya nani iliyoishusha bei hiyo.

Hapa mchoro unakaribiana na jina la leso. Mwanamke wa Pwani avaapo leso yenye jina la kumchoma jirani, hasemi neno. Akiulizwa, aweza kujibu kwamba aliinunua dukani kama wenziwe. Msemaji hapatikani, lakini mlengwa amesikia. Nguvu ya fumbo haimo katika maneno peke yake, bali katika kupitishwa mbele ya mlango wa mhusika. Leso hiyo ikikunjwa na kutiwa sandukuni, maneno yangalimo, lakini fumbo limekwisha.

Mchoro wa Wood Green ulikunjwa namna hiyo. Februari 2013 kipande cha ukuta kilikatwa, kisha kikatangazwa katika mnada wa Miami. Wakazi walilalamika, kikaondolewa mnadani. Hata hivyo, Juni mwaka huo kiliuzwa London kwa zaidi ya pauni 700,000. Hakuna mstari uliofutwa. Kilichotoweka ni duka, mfuko wa mnunuzi, na ile haya.

Yamkini mtetezi atadai kwamba msanii asiye na jina yuko nje ya soko, kama zilivyo ngano na methali. Hoja hiyo haisimami. Methali haina jina kwa sababu jamii nzima ndiyo mwenyewe. Banksy hana sura, lakini ana ofisi, iitwayo Pest Control, ambayo tangu 2008 huthibitisha ipi ni kazi yake na ipi siyo. Kujificha kulikomkinga na polisi kumekuwa pia alama ya biashara. Oktoba 2018, mjini London, picha yake ya msichana na puto ilijichana mara tu baada ya kunadiwa kwa zaidi ya pauni milioni 1. Kejeli hiyo kwa wenye fedha iliishia kuwaongezea fedha: mwaka 2021 picha hiyo iliyochanika iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 18.

Msanii mwenyewe amesimulia kwamba, alipochora mwaka 2005 kwenye ukuta uliojengwa na Israeli katika Ukingo wa Magharibi, mzee mmoja wa Kipalestina alimwambia kuwa wao hawautaki ukuta uwe mzuri, wanauchukia, naye aende zake. Mzee huyo aliuliza lile swali la tatu. Picha ilikuwa ukutani kwake, lakini ilisemezwa na watazamaji wa mbali. Ni kweli kwamba macho ya mbali nayo yana faida yake. Ila si sawa na kumfikia aliyeujenga ukuta.

Haifuati, basi, kwamba sanaa hii ni bure. Septemba 2025 mchoro wa jaji akimpiga mwandamanaji aliyeanguka chini ulitokea kwenye ukuta wa Mahakama Kuu mjini London. Ulifunikwa upesi, ukawekewa walinzi, kisha ukafutwa, kwa sababu iliyotajwa kuwa ni hifadhi ya jengo la kale. Kivuli chake kikabaki kwenye jiwe. Mchoro huo haukupata bei, lakini ulimpata mlengwa. Kwa hiyo mhakiki apimaye sanaa ya namna hii kwa umaarufu au kwa bei za minadani anapima leso iliyokwisha kukunjwa. Kipimo kifaacho ni kumtafuta yule ambaye mchoro unamkera kwa kubaki pale pale ulipochorwa.