Meza ya Nani? Jinsi Shule Moja Ilivyoupanga Upya Usiku wa Tamaduni

"Mama, miye niko wa meza gani?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa miaka tisa, kwa Kiswahili cha Kivu, katikati ya bwalo la shule moja ya msingi jimboni Kentucky, Marekani. Mkononi alishika bendera ndogo ya karatasi, bendera ya Kongo. Wazazi wake wametoka Fizi, Kivu ya Kusini. Yeye alizaliwa Nyarugusu, mkoani Kigoma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokuwa wakikimbia vita. Kongo yenyewe hajawahi kuikanyaga. Hatua chache pembeni yake palikuwa na meza ya Tanzania, imepambwa kwa picha ya Mlima Kilimanjaro na simba wawili. Hiyo nayo haikumwambia kitu, maana Kigoma iko magharibi kabisa, ng'ambo ya pili ya nchi, na simba hakuwahi kumwona. Alichokijua ni vumbi jekundu, foleni ya mgao, na shule iliyofuata mtaala wa Kongo juu ya ardhi ya Tanzania. Mama yake alinigeukia mimi, niliyekuwa pale kama mkalimani. Sikuwa na la kumjibu.

Nimehudhuria usiku wa tamaduni katika shule hiyo miaka miwili mfululizo. Ukumbi ni uleule, familia ni karibu zilezile, lakini watoto wa mwaka wa kwanza na wale wa mwaka wa pili walirudi nyumbani na vitu tofauti kabisa. Tofauti haikuletwa na fedha wala na idadi ya wageni. Ililetwa na mpango wa meza, na ndiyo maana nataka tuutazame mpango huo kwa karibu.

Mwaka wa kwanza ulipangwa kama shule nyingi za Marekani zinavyofanya. Kila nchi meza yake, kila meza bendera yake, nyuma yake wazazi waliovaa mavazi ya kwao pamoja na watoto wao. Shughuli ilianza saa 11:30 jioni hadi saa 1:30 usiku. Nusu saa ya mwanzo iliishia kwenye gwaride la bendera na hotuba. Dakika 90 zilizobaki watoto walizunguka na "pasipoti" ya karatasi, wakigongewa muhuri kila meza, na aliyekamilisha mihuri yote alipata zawadi mlangoni.

Hesabu yake ni rahisi. Meza zilikuwa 18. Gawanya dakika 90 kwa 18, unapata dakika tano kwa kila nchi, foleni haijahesabiwa. Mtoto si mjinga. Mara moja anajua kinachotafutwa pale ni muhuri. Nilisimama nyuma ya meza ya Kongo kwa muda mrefu nikaona mikono tu: mkono unaingia na pasipoti, unagongewa, unatoka. Mama aliyeamka alfajiri kutwanga sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliulizwa na watoto wawili tu ile ilikuwa nini. Na mwanawe, aliyekaa kando yake katika shati la kitenge lililokuwa likimbana shingoni, alikaa hivyo jioni nzima. Wenzake walizunguka ulimwengu. Yeye aliwekwa mezani pamoja na vikapu.

Lakini kuna jambo la ile pasipoti lililonigusa. Wakimbizi wengi waliingia Marekani hati zao zikiwa katika mfuko mweupe wa plastiki wenye nembo ya shirika la uhamiaji, na katika familia nyingi hakuna aliyewahi kumiliki pasipoti. Baba mmoja alikipokea kile kijitabu cha mwanawe, akakifungua ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto ataruhusiwa kuondoka nacho. Nikamwambia ndiyo, ni chake. Akakitia katika mfuko wa ndani wa koti.

Shule hupenda mpango wa bendera kwa sababu zinazoeleweka. Bendera huchapishwa kwa dakika moja, majina ya nchi yamo katika fomu za usajili, na hakuna anayelalamika kuwa amesahaulika. Kasoro ni kwamba fomu ina nafasi moja ya nchi, na maisha ya hawa watoto hayaenei katika nafasi moja. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi yoyote waliopokewa Marekani, zaidi ya 16,000, na wengi wao walipitia Tanzania, Uganda, Burundi au Rwanda kwanza, wakazaa huko. Kabla yao walikuja Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, walioishi Tanzania zaidi ya miaka 30. Watoto wao walizaliwa Tanzania, wakasoma Tanzania, na Burundi wakaijua kwa hadithi za wazee. Ukimwambia mtoto wa namna hiyo achague bendera moja, umemtaka akane bibi au akane mahali alipojifunza kutembea.

Na kuna watoto ambao swali la bendera halikuwafikia kabisa. Wazazi wao hufanya kazi zamu ya usiku kwenye maghala ya mizigo, na saa 11:30 jioni ndio wanajiandaa kutoka. Kwa mpango wa meza za nchi, mzazi asipokuja hakuna meza. Nilihesabu watoto wanne waliokuja na majirani, wakazunguka meza za wengine, na hakuna mahali palipokuwa pao.

Septemba iliyofuata kamati ya wazazi na walimu ilituita mapema, kabla ratiba haijachapishwa. Hilo peke yake lilikuwa jambo jipya, maana zamani tulipewa taarifa ya tarehe na ombi la kupika. Mama mmoja wa Kirundi akatoa hoja iliyogeuza mambo: tusiulize watu wametoka wapi, tuulize wanafanya nini kwa mikono yao. Ikakubaliwa. Meza 18 zikavunjwa, vikawekwa vituo vitano: unga, nguo, mchezo, ngoma na sauti. Gwaride likaondolewa. Muhuri ukaondolewa pia. Badala yake kila mtoto alipewa kadi yenye mistari mitano, na mstari ulijazwa pale tu alipoweza kufanya jambo moja la kituo hicho. Aliyeujaza alikuwa mtoto mwenzake, msimamizi wa kituo. Watu wazima tulikaa nyuma.

Kituo cha mchezo ndicho kilichonifundisha zaidi. Kilianza na bao. Bao kamili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64, lakini hakuna aliyekuwa nalo. Mwalimu mmoja alileta makasha ya karatasi ya mayai, yale ya mayai 12 yenye safu mbili za mashimo sita. Tulichukua makasha matatu. Mawili yakabaki mazima, la tatu likakatwa vipande viwili vya mashimo manne manne, kimoja kikaungwa mwishoni mwa kila kasha zima. Ukiyalaza yakitazamana unapata 32 kamili, na mashimo manne ya ziada. Kete zikawa maharage makavu. Tukatengeneza mabao sita jioni moja, kwa gundi na mkasi.

Bao la Kiswahili kamili ni gumu kwa mgeni. Mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, kuna nyumba, kuna kunamua kwanza ndipo mtaji ufuate, na mtoto wa darasa la tatu asiyelijua atakimbia kabla hajaonja utamu wake. Tukatumia bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili na mchezo huenda mara moja. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, nami nilikuwa nimeupinga. Niliona tunalishusha bao hadhi. Watoto wakanionyesha nimekosea: baada ya dakika kumi walikuwa wanagombania zamu.

Msimamizi wa kituo alikuwa yuleyule binti wa Nyarugusu. Babu yake alikuwa akicheza kambini juu ya mashimo yaliyochimbwa ardhini, naye alikuwa akikaa kando kumhesabia kete. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia sheria. Mvulana wa Kifilipino alileta ubao wa sungka kutoka kwao, wa mti, wenye mashimo madogo saba kila upande na shimo kubwa kila mwisho. Akaja mtoto wa Kinyarwanda akasema mchezo wa bao kwao ni igisoro. Wa Kiganda akauita omweso. Wawili waliozaliwa hapohapo Kentucky wakasema wanaujua wote, maana shuleni wana ubao wa safu mbili za mashimo sita na kete 48. Ndipo ukazuka ubishi ambao ningelipa kuusikia tena. Kwenye sungka unachokula unakiweka akiba katika shimo lako kubwa, hakirudi. Kwenye bao hakuna akiba. Kete ulizokula unazipanda upande wako, na mpinzani anaweza kuzirudisha muda si mrefu. Mchezo upi ni wa haki? Mvulana wa sungka alisema wake, kwa sababu mtu akipata kitu kiwe chake. Binti akasema wake, kwa sababu aliyepoteza bado ana tumaini. Wakabishana mpaka saa ya kufunga, na hakuna aliyeuliza nani katoka nchi gani.

Kituo cha unga kilikuwa na kikwazo cha kanuni: safari hii chakula kilichopikwa nyumbani hakikuruhusiwa kugawiwa wanafunzi. Kwa hiyo watoto walikanda, wakasukuma, mtu mzima akachoma hapohapo. Mama wa Kigujarati na mama wa Kitanzania wakakuta wote wanaita chapati, wakacheka, wakabadilishana vifimbo vya kusukumia. Kituo cha nguo kilienda polepole na sikuona la kukieleza zaidi ya kwamba kanga ilipendwa kwa sababu ina maneno ya kusomwa.

Ngoma ilitaka fikra zaidi. Kikundi cha wazee wa Kirundi kilileta ngoma tatu za gogo lililochimbwa, zenye ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa vigingi. Upigaji wa ngoma za kifalme za Burundi uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, na kanuni zake ni kali: ngoma ya kati, inkiranya, ndiyo inayoongoza, nyingine zinaifuata. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri inayozuia wanawake kuzipiga. Basi ilipofika zamu ya watoto, wa kwanza kushika fimbo alikuwa msichana, mjukuu wa mmoja wa wazee wale. Pakawa kimya. Mzee akamtazama, akatutazama sisi, kisha akasema hapa hatuchezi sherehe ya mfalme, hapa tunafundisha, naye mwanafunzi ni mwanafunzi. Akampa nafasi kwenye ngoma ya pembeni. Baadaye, wazee walipopiga wao wenyewe kwa utaratibu kamili, wasichana walikaa. Najua wako watakaosema alitoa kidogo mno, na wako watakaosema alitoa mno. Mimi naona alitenganisha somo na ibada mbele ya watoto kwa uwazi, na wasichana walielewa kipi ni kipi.

Kosa la kiufundi lilikuwa letu. Ngoma ziliwekwa katika ukumbi wa mpira wa kikapu wenye sakafu ngumu na kuta tupu, sauti ikarudi maradufu, na watoto wadogo wakaziba masikio. Wawili walilia. Mwaka ujao ziwe uwanjani nje, au litandikwe zulia chini na yatundikwe mapazia ukutani.

Kituo cha sauti kilisimamiwa na mwalimu wa muziki. Kwaya ya shule ilikuwa ikijifunza "Baba Yetu", wimbo ambao Christopher Tin aliutungia mchezo wa kompyuta mwaka 2005 na uliomletea tuzo ya Grammy mwaka 2011. Kwaya za shule za Marekani huuimba sana, mara nyingi bila mwenye Kiswahili karibu. Safari hii mvulana wa miaka kumi na moja alisimamishwa mbele awafundishe wenzake kutamka. Aliwaambia wafumbe midomo kwanza kabla ya kusema "mbinguni", wasitangulize irabu ambayo haipo. Akawaambia kila irabu isikike, hata ya mwisho. Mwalimu aliandika kila alichosema. Kwa kuwa maneno yake ni sala ya Kikristo, familia za Kiislamu ziliulizwa mapema, na waliotaka watoto wao wabaki kituo kingine walibaki bila kuulizwa sababu.

Wale watoto wanne ambao wazazi wao wako zamu za usiku walirudi tena. Safari hii wawili walikuwa wasimamizi, mmoja wa unga, mmoja wa nguo, kwa sababu kituo kinataka mtu anayejua jambo, hakitaki mzazi wa kukalia kiti.

Kamati hukutana Septemba, na kufikia Januari mpango wa meza huwa umeshachapishwa. Ewe mzazi unayesoma haya, uwe Louisville, Minneapolis, London au Nairobi, shule ikikuomba upike, pika. Lakini kabla hujasema ndiyo, waulize mkutano wa mpango ni lini, uende.