Tuzo na Ubora wa Filamu: Swali kutoka Loitokitok

Mhakiki anayetegemea tuzo kupima ubora wa filamu hana budi kuuliza kwanza waliozitoa walijua nini. Mwaka 1986 filamu ya Out of Africa, iliyopigwa Kenya, ilitwaa tuzo 7 za Oscar, mojawapo ikiwa ya mswada. The Color Purple, iliyoteuliwa mara 11 sawa nayo, iliondoka mikono mitupu. Upigaji picha wa Out of Africa unastahili sifa. Hata mhakiki mkaidi atakiri. Lakini katika mswada huohuo uliotuzwa, mhusika Denys anadai kwamba Mmaasai akifungwa hufa, kwani hana dhana ya kesho. Wataalamu waliipokea kauli hiyo kama hekima. Hadhira ya Loitokitok ingeipokeaje? Huko mfugaji hutenga malisho ya ndama mapema, akiwazia kiangazi ambacho bado hakijafika. Isitoshe, Wamaasai waliishtaki serikali ya kikoloni kwa kuwahamisha kutoka Laikipia, wakidai haki waliyoahidiwa katika mkataba wa 1904. Kesi yao ilitupwa mwaka 1913, na Denys wa kihistoria alikuwa tayari anaishi nchini.