Tembo si bia, jamani

Nawaona wenzetu wanataka bia za viwanda vidogo tuziite "tembo". Mimi siafiki. Wazee wetu hapa Ibra na Nizwa waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, kileo hawakionji, lakini maneno wanayajua: mnyama ni ndovu, tembo ni kinywaji cha mnazi. Tena tembo hugemwa. Bia hupikwa kwa shayiri. Methali yasema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Tazameni hiyo "-li-": angekuwa mnyama tungesikia "humtia". Tukilihamisha neno, wajukuu wanaomjua tembo wa mbugani tu wataielewa vipi methali? Semeni "bia ya kiwanda kidogo", yatosha. Au mnasemaje?